Farasi Niliyemnyoa kwa Wivu

Nilimwonea wivu farasi. Nalisema hilo mbele kabisa, maana waliolijua walishanicheka vya kutosha, na asiyelijua nampa nafasi acheke mapema ili tuendelee. Wala hakuwa farasi wa kifahari. Alikuwa poni, farasi wa kienyeji wa nchi hii ya Uingereza, mgongo wake unaishia kifuani pangu, tumbo kubwa, miguu mifupi, singa za utosini zimemwangukia machoni. Tena alikuwa jike. Hilo lilinikera kuliko yote, ingawa hata angekuwa dume sidhani kama ningemsamehe.

Mume wangu alikuwa dereva wa basi. Kwa miaka kumi na tisa alipanda na kushuka barabara ya Soho Road, mpaka akawa anajua abiria gani hushuka kituo gani bila kubonyeza kengele. Siku moja ya mwezi wa pili, basi limejaa watu, aliona kiza kinamjia. Alilisogeza kando, akavuta breki ya mkono, akalala juu ya usukani. Hakuna abiria aliyeumia. Hospitali walimzibua mshipa wa moyo, leseni yake ya basi ikazuiliwa, akarudi nyumbani kwetu mtaa wa Great Barr na mfuko wa dawa. Akakaa dirishani na kunyamaza.

Yote niliyoyajua kuhusu siku ile niliambiwa na watu baki. Daktari aliniambia lake, msimamizi wa kazini lake, na abiria mmoja aliyepiga simu ya ambulensi alikuja mpaka hospitali kunieleza aliyoyaona. Mwenyewe, kila nikimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Yashapita hayo, bibie." Nilimuuliza kwenye chai, nikamuuliza garini, nikamuuliza nikimpaka dawa ya mgongo. Nilitaka kujua alihisi nini, aliogopa nini, na kama mimi nilimpitia kichwani hata kidogo. Tulikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa na nilijiona nina haki ya kulijua hilo. Yashapita.

Daktari alimwambia atembee, naye akatembea. Nyuma ya mtaa wetu, kabla hujafika kwenye mvumo wa magari ya barabara kuu ya M6, kuna kiwanja cha majani chenye mabanda matatu ya mbao. Mwenyewe ni bibi wa Kiingereza, mjane, ana farasi wadogo watatu, na baada ya shule huwapandisha watoto wa mtaani. Siku ya kwanza mume wangu alisimama nje ya uzio. Siku ya pili akafunguliwa lango. Wiki ya tatu nikakuta amenunua mabuti ya mpira, ameyaacha kule kule, na ile harufu ya kinyesi na majani makavu ikaanza kuingia kwangu na koti lake.

Mwanzo nilishukuru. Rangi ilimrudi usoni, akaanza kula. Akaanza na kuzungumza, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza. Nilikuwa nimengoja miezi afungue kinywa, na alipokifungua akanihadithia farasi, mmoja wa wale watatu. Farasi kala nini, farasi kamtambua kwa sauti, farasi kakataa kupita kwenye dimbwi mpaka yeye alipotangulia. Mimi namkaangia samaki, yeye ananieleza jinsi mwenzangu anavyopenda kukunwa nyuma ya sikio.

Nilianza kumwita hivyo, mwenzangu, kama wanawake wanavyomwita mke mwenza. "Mwenzangu hajambo leo?" Alidhani ni mzaha. Na mimi nilikuwa nacheka, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Lazima niseme kazi yangu, maana bila hiyo hili jambo lisingetokea. Mimi ni msusi. Jikoni kwangu kuna kiti kirefu karibu na dirisha, na wanawake wanatoka mitaa ya Small Heath na Handsworth kuja kukaa juu yake, Wazanzibari wenzangu, Wakenya, Wakongomani. Nasuka, nakata, naosha, na nikishika kichwa nakuambia mwenyewe anakula nini na analala saa ngapi. Nywele nazijua. Na mimi huyo huyo, tangu ule mwezi wa pili, nywele zangu zilikuwa zinanitoka. Zilibaki kwenye chanuo, zilibaki kwenye mto, na utosini ngozi ikaanza kuonekana. Wateja hawakujua kwa sababu ya ushungi. Kisha nikaanza kufunga kilemba hata tukiwa wawili tu nyumbani, nikingoja mtu mmoja aniulize mbona. Hakuniuliza.

Mwezi wa kumi ulipoingia, farasi akaota manyoya ya baridi.

"Bibie, ungeyaona," aliniambia mezani. "Ya juu marefu, magumu kidogo, mvua ikimpiga inateleza inaanguka chini. Ukipenyeza vidole, ndani kuna manyoya ya malaika, laini, makavu kabisa. Ngozi haina habari kama nje kuna mvua."

"Mashallah," nikasema, nikamsogezea ndimu.

"Na mazito. Sijapata kuona nywele nzito namna ile."

Sijapata kuona. Mtu huyu, siku ya tatu ya harusi yetu, alinichana mwenyewe na chanuo likamvunjikia mkononi, akaenda nalo kwa mama yake kumwonyesha. Sasa ananiambia hajapata kuona. Nilikaa na kilemba changu nikatafuna wali ambao haukuwa na ladha yoyote, na nikajisemea kwamba nikipata nafasi yule farasi nitamkomesha.

Nafasi yenyewe ililetwa mpaka mezani. Siku chache baadaye alikuja na uso wa mtu mwenye jambo zito. Watoto walikuwa wanampanda yule farasi kila jioni, na kwa yale manyoya, akikimbizwa kidogo tu, jasho linamtoka. Likishamtoka halikauki. Anabaki ameloa, baridi inaingia, anasimama anatetemeka. Bibi wa Kiingereza alikuwa hajui amfanye nini. Farasi wa kienyeji, alisema, Mungu kampa koti lake, na wengi hawawagusi. Lakini huyu anafanya kazi. Ama wampunguzie manyoya, ama watoto wapumzike kumpanda mpaka jua lirudi.

"Kaniuliza mimi," mume wangu alisema. "Mimi nikamwambia, subiri nikamuulize fundi."

"Fundi gani?"

"Si wewe? Nani anajua nywele kuliko wewe?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu atoke hospitali. Sihesabu kuniuliza funguo ziko wapi. Aliweka kijiko chini, akanitazama, akangoja. Nami nilimuuliza kama fundi anavyouliza: analala wapi, mvua inampata kiasi gani, anaoshwa kwa sabuni au hapana, yale mafuta yaliyo kwenye ngozi yapo bado? Akanijibu yote. Analala nje, mvua inampata, haoshwi, mafuta yapo. Jibu la haki nilikuwa nalo wazi kabisa. Kichwa kinacholala nje hakinyolewi. Unapunguza pale tu panapotoa jasho, kooni na chini ya tumbo, kwingine kote unakuacha.

"Mnyoeni," nikasema. "Mwili mzima."

"Mzima?"

"Nywele zikizidi zinaoza ngozi. Zikitoka, ngozi inapumua. Mnyoeni, atawashukuru."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mteja anayekuamini. Sijawahi kumdanganya mtu kwenye kazi yangu, hata wale wanaoniuliza kama dawa fulani ya kunyoosha itawadhuru huku wakitaka niseme hapana. Siku ile nilidanganya nikiwa nimekaa vizuri, na nililala usingizi.

Kesho yake alikuja kusuka mteja wangu mmoja, mama wa Kikongomani kutoka Goma, mtu wa kanisa na mcheshi. Nilimweleza kila kitu nikiwa nyuma yake, maana siri ni rahisi kumwambia kisogo. Alicheka mpaka nikalazimika kuachia msuko.

"Mama, ile ni nyama," alisema. Kwao mnyama huitwa nyama. "Franchement, kweli kabisa. Unasikia wivu ya nyama?"

"Nasikia."

"Bwana yako anakulaka kwako, analalaka kwako. Ile nyama inamupatia nini?"

"Inampatia masikio."

Aligeuza shingo anitazame. Kisha akasema, "Na weye, masikio yako iko wapi?" Nilimvuta nywele kidogo zaidi ya ilivyolazimu, akapiga kelele, tukaendelea na mengine.

Bibi wa Kiingereza hakukubali mwili mzima. Mume wangu alirudi na habari hiyo akiona haya, kama kwamba nimedharauliwa. Bibi alisema atapunguziwa kooni, kifuani na tumboni tu, pale jasho linapoanzia, kwingine kote kuachwe. Yaani alisema lile lile jibu langu la haki nililolificha. Ila mikono yake ina baridi yabisi na haiwezi tena kushika mashine ya kunyolea. Akauliza kama yule fundi mwenyewe angeweza kuja.

Nikasema naja.

Asubuhi ya Jumapili nilifungua sanduku la kanga. Mtu wa kwetu akiwa na neno la kumwambia mwenzake na hataki kulisema, anajifunga kanga, kanga inamsemea. Niliitoa ya kwanza, imeandikwa *Mwenye wivu ajinyonge*. Nikaisoma tena nikairudisha, maana hiyo ingenigeukia mimi. Nikachukua nyingine, nyekundu, *Chako ni chako, cha mwenzio si chako*, nikajitanda juu ya koti la baridi, maandishi yakae mgongoni. Nilikuwa nimempania farasi. Kwamba farasi hasomi, na bibi wa Kiingereza hajui Kiswahili, sikulifikiria mpaka tulipofika.

Mume wangu aliisoma nikifunga mlango wa nyumba. Njia nzima hakusema kitu, ila tulipokaribia lango akaanza, "Mwenzio akinyolewa..." akaishia hapo, akatabasamu. Mwisho wa methali ile kila mtu anaujua, nawe utie maji. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ushungi, kuangalia kama umekaa sawa.

Bibi wa Kiingereza aliisifu kanga, akaizunguka nyuma, akauliza maneno yanasema nini. Mume wangu akamjibu kwamba yanasema karibuni wageni. Bibi akafurahi, akaniambia na mimi karibu. Ni mwanamke mwema, mwembamba, vidole vimepinda, na nilitamani awe mbaya ili mambo yawe rahisi.

Kisha nikamwona mwenzangu kwa karibu. Alikuwa ndani ya banda, amekauka, amesuguliwa vizuri. Nilipeleka vidole kwenye ubavu wake kama ninavyopeleka kwenye kichwa cha mteja mpya, na yote niliyoambiwa yalikuwa kweli. Vidole vilizama. Mkono wa msusi hauwezi kusema uongo mbele ya nywele nzuri, na zile zilikuwa nzuri, za hudhurungi, nzito, zenye mafuta yake, hazijui chanuo wala moto wala dawa. Nilimchukia zaidi.

Bibi alichukua chaki nyeupe akachora mstari: unaanza kooni, unashuka kwenye kifua, unakwenda sambamba na tumbo, chini kabisa. Juu ya mstari pasiguswe, alisema, hapo ndipo mvua inapopigia. Mume wangu alishika kamba ya kichwani kwa farasi. Mashine ilikuwa kubwa kuliko zangu, nzito mkononi, lakini mashine ni mashine. Nikaitia mafuta, nikasikiliza inavyonguruma, nikaanza chini, kinyume na manyoya yalivyolala. Yalianguka mafungu mafungu juu ya mabuti yangu. Nilifanya koo, nikafanya kifua. Kazi safi, bibi mwenyewe alisema hajaona mkono mtulivu hivi, kisha akaenda kutafuta ndoo.

Farasi alianza kutetemesha ngozi, kama wanyama wanavyofanya nzi akitua. Mume wangu akamwinamia sikioni.

"Tulia, roho yangu," alimwambia. "Tulia. Haiumi."

Roho yangu. Najua watu wanaliokota hilo neno wakamtupia hata paka. Lakini lilikuwa neno langu. Alikuwa ananiita hivyo zamani, kwenye simu, nilipokuwa bado Unguja na yeye huku akitafuta karatasi zangu za kuingia nchini, na mara ya mwisho kulisikia ilikuwa kabla watoto wetu hawajaanza shule. Nililisikia linakwenda kwenye sikio la mnyama na mkono wangu ukapanda. Haukuteleza, naomba nieleweke. Nilipandisha mashine juu ya chaki, nikaupita mstari, nikafika katikati ya ubavu, nikashuka, nikapanda tena. Chini ya yale manyoya ya hudhurungi ilitokea ngozi yenye rangi ya panya. Nilifanya ubavu mzima, mpaka karibu na uti wa mgongo, na kwa muda ule mfupi nilisikia raha kubwa.

Bibi aliporudi na ndoo alisimama. Nikamwambia samahani, mashine imeniponyoka. Mashine haimponyoki mtu mara sita, na nadhani alijua, lakini ni Mwingereza na mimi mgeni wake. Alipumua. Akasema basi, upande mmoja hauwezi kuachwa vile, na wa pili itabidi ufanane. Sasa itakuwa lazima farasi avae mablanketi majira yote ya baridi, la mchana na la usiku, jepesi na zito, na mtu awe anakuja asubuhi kumbadilisha na jioni kumbadilisha tena, kumkagua kama limemchubua, kama limepigwa na maji. Yeye kwa vidole vile hawezi kufunga zile bizimu za mikanda.

"Nitakuja mimi," mume wangu alisema.

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

Hivyo ndivyo nilivyompa yule farasi mume wangu mara mbili kwa siku, kwa mkono wangu mwenyewe.

Baridi ya mwaka ule haikuwa na huruma. Mume wangu alikuwa anatoka kabla sijamaliza kusali alfajiri, gizani, mtu aliyezibuliwa moyo, na taa ya kufunga kichwani kama mchimba madini. Kila akifunga mlango nilikuwa namwona ameanguka kwenye majani. Nilimwambia aache. Nilimwambia daktari hakusema atembee kwenye barafu. Nilitaka hata kumwambia ukweli, kwamba yale mablanketi ni kazi yangu na wivu wangu, lakini kila nikiukaribia naona aibu naukimbia. Alirudi mashavu mekundu, anakunywa chai amesimama, ananieleza blanketi limekaaje. Jioni anatoka tena. Na mimi nikawa na hofu na wivu kwa pamoja, na sikujua ni kipi kilichokuwa kinaniamsha mapema.

Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili alichelewa. Nusu saa ikapita, saa ikapita, simu yake iko mezani. Nikatia chai ya tangawizi kwenye chupa ili niwe na kisingizio, nikavaa, nikaenda. Njia nzima ilikuwa nyeupe kwa barafu na kila jani limesimama. Nilifika kwenye banda, nikasikia sauti yake ndani, nikapata pumzi. Kisha nikasikia anachosema.

"Leo kimlima kile kimenishinda," alikuwa anasema. "Nimesimama uzioni, nimeshika kifua. Nikasema haya, ndio leo. Kisha kikaachia. Jana pia. Simwambii mtu." Nikasikia mkono wake unampapasa. "Wewe tu."

Niliusukuma mlango. Alikuwa amepiga goti anafunga mkanda wa kifuani, farasi amemwekea kidevu begani, na taa ya kichwani ikanipiga usoni.

"Wewe tu?" nikasema. "Miezi kumi nakuuliza unaendeleaje. Miezi kumi. Unaniambia sijambo, kisha unakuja kumwambia huyu?"

"Punguza sauti, utamshtua."

"Na ashtuke."

Aliinuka taratibu. Hakukasirika, na hilo lilinimaliza, kwa hiyo nikatupa nililokuwa nalo. Nilimwambia kwamba siku ile mashine haikuponyoka. Niliuvuka mstari makusudi. Nilimwambia na lile la mezani pia, kwamba nilijua tangu mwanzo farasi anayelala nje hanyolewi mwili mzima, na nilimdanganya, mimi fundi, kwa sababu alisema hajapata kuona nywele nzito namna ile.

"Ya mashine najua," alisema. "Nilikuwa nimeshika kamba. Nilikuona."

"Ukanyamaza?"

Alizima ile taa ya kichwani. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, naye akaangalia mkanda uliokuwa mkononi mwake.

"Nilinyamaza kwa sababu bibi alisema mtu atahitajika asubuhi na jioni," alisema. "Nikaona, alhamdulillahi, nimepata sababu ya kutoka mara mbili."

Nimesusa mume, nimesuswa, nimegombana na mawifi wanne, lakini sijapata kuambiwa neno lililonikata kama lile. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Niliiweka juu ya bunda la majani.

"Kutoka kwangu," nikasema.

"Kutoka kwenye macho yako, bibie. Si kwako." Alikuwa anatafuta maneno, na mimi nilimwona anavyoyatafuta. "Ukinitazama unanihesabia pumzi. Nikikohoa chooni, uko mlangoni. Ukiniuliza siku ile ilikuwaje, naona machozi yameshafika. Nikikuambia, utalia. Ukilia, lazima nikubembeleze. Sina nguvu ya kukubembeleza. Huyu halii. Nikimwambia, anakula majani."

Nilitaka kusema silii, na machozi yalikuwa yameshafika kama alivyosema. Farasi alihamisha mguu. Blanketi lilikuwa limekaa upande, mikanda miwili ya tumboni inaning'inia upande wangu, na kwa kuwa sikujua pa kuuweka uso wangu nikachutama chini ya tumbo lake kuitafuta. Pale chini ngozi niliyoinyoa mimi ilikuwa imeanza kuota vijinywele vifupi, vikali, na ilikuwa ya moto. Mume wangu alikuwa upande wa pili. Niliona mabuti yake tu.

Mimi sikuuliza kitu. Sijui kama alikuwa ananingoja niulize, lakini sikuuliza.

"Basi lilikuwa limejaa," alisema. Hakuniambia mimi. Sauti ilikwenda juu, kwenye shingo ya farasi, na ilikuwa ile sauti ya kumwambia yeye. "Kulikuwa na mama amesimama na kigari cha watoto pacha, pale mbele karibu yangu. Nikaona vioo vinaingia kiza kuanzia pembeni. Nikasema, ukianguka sasa, wale watoto ndio wa kwanza."

Nilishika mkanda nikauvuta taratibu, bila kuufunga, ili kazi isiishe.

Alimweleza breki. Alimweleza jinsi mguu ulivyokuwa mzito kama wa mtu mwingine, jinsi alivyolisogeza basi kando, na jinsi abiria mmoja nyuma, asiyejua kitu, alivyokuwa anabonyeza kengele, anabonyeza tu, kwa sababu wamepita kituo chake. Kengele ile alikuwa anaisikia mpaka sasa, alisema, akiwa amelala. Alisema hakuogopa kufa. Aliogopa kufa basi likiwa linatembea. Farasi alikuwa anatafuna, namsikia juu ya kichwa changu, hana haraka.

Nilingoja nisikie mahali nilipo mimi katika siku ile. Alimaliza pacha, akamaliza kengele, akafika kwenye ambulensi, akafika kwenye taa za hospitali. Sikuwepo. Niliuma ncha ya ushungi asinisikie, nimechutama chini ya tumbo la mwenzangu, na ule wivu ulikuwa umekaa pale pale ulipokuwa, haujapungua hata kidogo. Lakini alikuwa anazungumza. Nilijua nikisema neno moja atanyamaza.

"Nipe huo mkanda," aliniambia baadaye.

Nikaupitisha chini ya tumbo, akaupokea.